Tulivyopimiwa kwa Masikio

Tumpe mwanangu,

Maneno haya ni yangu, lakini anayeandika ni Atupele, mke wa kaka yako Lusekelo. Tumekaa jikoni, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka. Wewe umekwenda kumuaga shangazi yako, na wote tunajua shangazi yako hamwachi mtu mpaka ale, kwa hiyo tuna nafasi. Nimemwambia Atupele aandike kila kitu ninachosema, asinikatie. Anasema karatasi zitaisha. Nimemwambia zikiisha tutaandika kwenye mfuko wa sukari.

Utauliza, mimi na mama tunalala nyumba moja, barua ya nini. Barua ni kwa sababu wiki hii yote kila nikifungua mdomo wewe unalo jibu. Nikisema neno moja unaniambia, "Mama, ni kazi tu." Umesoma mpaka kidato cha nne, majibu unayo mengi, na sikatai, tulikupeleka huko ukayalete. Lakini barua haikatizwi. Utaisoma huko uendako, peke yako, na ukinijibu utakuwa unaujibu ukuta.

Sitakuambia habari ya kuchemsha maji. Wala chandarua, wala wanaume wa mpakani wenye pikipiki. Hayo Atupele amekwisha kukuambia, na shangazi yako anakuambia sasa hivi huku anakuongezea ubwabwa. Mimi nina neno moja tu. Ila ni refu.

Kesho gari la kampuni linakuja kukuchukua ukakae kwenye mizani ya kakao kule Katumba Songwe. Siku uliponiletea habari hiyo niliinuka nikatoka nje, ukafikiri nimekwenda kulia kwa furaha. Sikulia. Nilikwenda kwenye kakao na panga, nikakata matawi ambayo hata hayakuwa na kosa. Nilikuwa na hasira, na mpaka sasa ninayo. Atupele anasema ninywe maji kwanza. Nimekunywa. Hasira iko palepale.

Ngoja nianze na shamba, maana wewe umezaliwa ukakuta kakao imeshafunga kivuli, unaona kama iliota yenyewe.

Mimi nimetoka kule juu milimani kwenye baridi, unakujua. Kule ni kahawa. Mama yangu aliichuma, akaimenya, akaiosha, akaianika, akatoa mbovu mojamoja mpaka kucha zikawa nyeusi. Siku ya kuuza, baba alivaa koti. Mama siku hiyo hakugusa hata kamba ya gunia. Lile gunia lilitoka nyumbani likiwa la mama, likafika kwenye chama cha ushirika likiwa la baba, na mimi nilikuwa nalifuata kwa macho mpaka kwenye kona, nione linabadilikia wapi. Sikupaona. Nikasema, mimi nikiolewa nitakuwa na mti wangu mwenyewe, hata mmoja. Nilikuwa mtoto. Sikujua kwamba kuwa na mti si kazi. Kazi iko kwenye kuuza.

Baba yako, Mungu Kyala amrehemu, alinipa kile kipande cha kule chini ambako mto ukifura unakuja kulala. Hakuna mwanaume aliyekitaka. Wakamcheka wakasema amempa mkewe bwawa. Nikapanda migomba kwanza, ishike udongo, halafu chini yake nikapanda kakao, mbegu niliomba misheni. Ile miti mikubwa niliyoikuta sikuiangusha hata mmoja. Maganda ya kakao nayarudisha chini ya mti, yanaozea hapo, mti unakula jasho lake mwenyewe. Yule kijana wa kampuni mwenye miwani, unamjua, alikuja kuniambia nikate miti mikubwa jua liingie, kakao izae haraka. Nikamuuliza, "Wewe nyumbani kwako umeezua bati ili jua liingie?" Akacheka, akaandika kitu. Hawa watu ukiwaambia kitu cha maana wanaandika, halafu hawarudi.

Nimepotea. Atupele, nilikuwa wapi? Eeh, kuuza.

Sasa nije kwa babu yako yule mdogo. Jina lake silitaji, unajua sababu, na Atupele nimemkataza asiliandike. Huyo ni ndugu wa mwisho wa baba mkwe wangu, mtoto wa mke wa mwisho kabisa. Nilipoletwa hapa kuolewa alikuwa mtoto wa kufukuza bata. Mama mkwe akanishika bega akaniambia, "Huyo ni mkwe wako." Basi nikatoka njiani, nikajifunika kanga kichwani, nikachuchumaa kwenye majani mpaka mkwe wangu apite na bata wake. Atupele anacheka. Cheka, lakini andika.

Ninyi wa siku hizi mnaona mambo ya kumkimbia mkwe ni ujinga. Haukuwa ujinga. Baba mkwe wangu mkubwa, aliyemzaa baba yako, sikumwona uso mpaka siku tuliyomlaza sebuleni tukamlilia, na mpaka leo sijapata mtu aliyeniheshimu kama yeye. Alikuwa hafiki kisimani kabla hajakohoa. Alikuwa na kikohozi chake, koho koho, kama mtu anayebisha hodi, ili wakwe tulioko pale tupate kujificha. Na kama mahali pa kujificha hapapo, yeye ndiye aliyegeuka. Mzee mzima, anarudi nyumbani na ndoo tupu kwa sababu mimi nafua. Ile heshima ilikuwa na miguu miwili. Mke wa mtoto anakimbia, na baba mkwe naye anakimbia.

Na baba yako alipokufa, ndugu wakaja kusema kipande cha chini kirudi kwa ukoo. Kilipokuwa bwawa kilikuwa changu, kilipokuwa kakao kikawa cha ukoo. Baba mkwe akatuma maneno kwa mkewe mdogo, akasema, "Miti ya yule mwanamke isiguswe. Uso wake sijauona, lakini miti yake nimeiona." Wakanyamaza. Ndiyo maana leo una nyumba ya kuagwa. Kwa hiyo usije ukasema mama alionewa na mila. Mila ilinishika mkono kwanza. Aliyenionea ni mtu aliyekata mguu mmoja wa hiyo mila, akabaki na ule unaomfaa yeye.

Yule mzee alipokufa ndipo soko huria likaja. Zamani tuliuza kwenye chama. Chama nacho kilikuwa na wizi wake, usidhani nakililia. Lakini karani wao alikuwa mtu wa mbali, si mkwe wa mtu hapa. Tulisimama mbele ya mizani tukamkodolea macho kama mbuzi mpaka anakasirika. Halafu chama kikafunga mlango, likaja gari, ikaja kampuni. Tukashangilia. Mimi nilipiga vigelegele mpaka koo likauma. Nikikumbuka vile vigelegele natamani kuvirudisha tumboni.

Wakatundika mizani yao, ile ya kuning'inia yenye uso wa duara kama saa. Wakaitundika barazani kwa nani? Kwa babu yako yule mdogo. Na chini ya mizani, na kofia ya kampuni kichwani, amekaa nani? Yeye.

Sasa wewe uliyesoma niambie. Upande wetu huu wote tumeolewa na ukoo mmoja. Wanawake wenye kakao, wale wanaoivundika vizuri kwenye majani ya migomba, wanaigeuza mpaka inatoa harufu kama pombe, wanaianika na kuikimbiza mvua ikija, karibu wote ni wake wa watoto wake, maana watoto wa kaka zake ni wake. Kijiji kizima kilikosa baraza lingine? Mwanzoni nilisema ni bahati mbaya. Leo nakuambia hawakukosea njia. Mtu aliyewaonyesha lile baraza alijua nani hataweza kulisogelea.

Tukawa tunafanya hivi. Wanaume wanakwenda mpaka barazani, wanasimama, wanaangalia mshale. Sisi tunaweka vikapu pembeni, tunarudi nyuma ya migomba, tunageuza migongo. Kibarua wa kampuni anachukua kikapu, anakitundika, na babu yako anataja kilo kwa sauti. Sisi kule nyuma ya migomba tunasikia. Tunaitikia "Ndaga", tunamshukuru. Mwanangu, tulipimiwa kwa masikio. Msimu kwa msimu. Tulikuwa tunashukuru mgomba.

Sasa Atupele, hapa usinyanyue kichwa, andika tu.

Atupele alikuwa ameolewa juzijuzi, wewe uko bweni shuleni, kwa hiyo haya huyajui, na walioko hapa tulikubaliana usiambiwe. Siku moja alikwenda na kikapu chetu. Akajibanza kwenye mgomba kama wenzake, lakini akatoa jicho. Akarudi nyumbani, akapiga magoti pale mlangoni akasema, "Mama, mshale umepita pale aliposema."

Mtu mwenye akili angeuliza, umepita kwa kiasi gani? Mimi niliuliza, "Ulimtazama?"

Akasema, "Nilitazama mizani, mama."

"Na chini ya mizani kuna nini?"

Nikapiga kelele mpaka majirani wakaja. Wazee wenyewe wa ukoo wakasema, jamani, huyo kwa Atupele ni babu, babu anataniwa, hata akimvuta ndevu si kosa. Mimi nikasema hapana. Nikasema mkwe wa mkwe wako ni mkwe mara mbili. Tumpe, hiyo sheria haikuwepo. Niliitunga mwenyewe, hapahapa jikoni, kwa sababu niliona aibu watu watasema kwangu wakwe hawafundishwi. Nikamrudisha kwao akalete kuku wa kuomba radhi. Akaenda kwa miguu na mimba ya Gwamaka. Akaleta kuku, mtetea wa mama yake, mweupe. Na tulimpelekea nani yule kuku? Aliyetuibia. Akamla. Mimi ndiye niliyembeba, nikamweka pembeni ya migomba, nikarudi nyuma, nikageuza mgongo.

Atupele ameacha kuandika. Anachochea moto ambao hauhitaji kuchochewa. Ananiambia, "Mama, hilo tulishalimaliza." Nimemwambia wewe umelimaliza, mimi bado. Andika.

Haya. Nikaendelea kupimiwa kwa masikio, na Atupele akanyamaza, na nyumba ikawa na adabu. Mpaka mguu wangu ukavimba.

Ulivimba mvua za masika, ule wa kushoto, sikuweza hata kuvaa ndala. Lusekelo yuko ziwani, Atupele ana mtoto mgonjwa. Nikamwomba NyaGondwe, yule mama wa Karonga, ng'ambo ya mpaka, anayekuja na vitenge na kurudi na mchele, aliyepanga kwa jirani. Huyo si mke wa ukoo huu, yeye anafika barazani anasimama kama mwanaume, na mdomo anao. Nikamwambia nichukulie kikapu changu, kile kikubwa cha siku zote, sema ni chako, nisisumbuliwe. Akaenda. Akarudi anacheka.

"Mama Lusekelo, kikapu chako leo kimenenepa."

"Kimenenepa vipi?"

Akaniambia kilo alizozisoma. Nikamwambia, "Umechanganya na yako."

"Yangu ipi? Mimi nina mti gani wa kakao? Ninauza vitenge. Ningeongezea kitenge?"

"Basi ilikuwa na maji."

"Imekauka mpaka inalia kama njuga, wewe mwenyewe uliianika."

Nikakaa chini. Kikapu kilekile, kimejazwa kwa mikono ileile, mpaka kwenye ule mshono mwekundu. Nikikipeleka mimi kinakonda, akikipeleka mwanamke mwenye macho kinanenepa. Na unajua nilichofikiri kwanza? Si habari ya kakao. Nilifikiri yule mtetea mweupe.

Nikamwita Atupele nikamwambia, "Siku ile ulisema mshale umepita." Akasema, "Ndiyo mama." Basi. Hakuniambia, "Si nilikuambia?" Angeniambia ningepona haraka.

Siku ya kununua iliyofuata nilikwenda. Mguu bado mzito. Niliwaambia wenzangu wote, wakasema, "Mama Lusekelo, utatulaania watoto." Kwa hiyo tukaenda watatu, mimi, Atupele na NyaGondwe. Wengine wakatufuata mpaka kwenye migomba, wakageuza migongo kama kawaida, lakini masikio, hayo waliyageuza mbele.

Nilijifunika kitenge kichwani mpaka puani, nikabaki naona miguu ya watu tu, maana sikwenda kumvunjia mtu heshima. Nilikwenda na ile heshima nzima, na miguu yake yote miwili. Nilipofika penye uwazi nikakohoa. Koho koho, kama yule mzee wa kisimani.

Baraza zima likageuka. Mkwe akikohoa anakuja, na baba mkwe lazima aondoke. Hilo hakuna asiyelijua. Yeye mwenyewe alikuwa amelisahau kwa sababu miaka yote sisi ndio tuliondoka.

Nikamsikia anasema, "Mwambieni asubiri kwenye migomba, kama wenzake."

Huwezi kumjibu mkwe wako mdomo kwa mdomo. NyaGondwe akanigeukia, na tulikuwa karibu hivi kwamba hata kuku walisikia. "Baba mkwe wako anasema usubiri kwenye migomba."

"Mwambie baba mkwe kwenye migomba kuna siafu."

"Anasema kuna siafu."

"Mwambieni mimi niko kazini."

"Mwambie na mimi niko kazini. Kakao haijavundika yenyewe."

"Anasema haijavundika yenyewe."

"Mwambieni huyu mwanamke ana wazimu."

"Baba, hilo kalisikia mwenyewe," NyaGondwe akasema.

Wanaume wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Mzee, toka, mkwe anapanda." Nikapanda ngazi. Chini ya kitenge nikaona viatu, vipya, vyeusi, vya kamba. Nikaviona vinatafuta pa kwenda. Vikaenda kulia, kuna ukuta. Vikaenda kushoto, kuna watu. Kigoda kikaanguka. Mwishowe vikaingia nyuma ya magunia, vikakaa huko.

Atupele akatundika kikapu. Nikamwambia, "Geuza uso wa mizani huku nje. Sasa soma. Kwa sauti."

Akasoma. Sauti yake unaijua, ya kanisani. Kule nyuma ya migomba wakasikia mtu mwingine anataja kilo, na zilikuwa kilo ambazo kikapu changu hakijawahi kutajiwa tangu kampuni ije. Mtu akakohoa. Mama Bupe, na yule ni mwoga wa hata jogoo. Halafu mwingine. Siku hiyo lile baraza lilikohoa kama wodi ya kifua. Wakaja wote, wamejifunika, na Atupele anasoma, na baba mkwe wetu yuko nyuma ya magunia toka saa ya chai mpaka jua linapinda, hana pa kutokea, maana kila akitaka kutoka kuna mkwe anakohoa.

Usicheke sana. Mimi nilicheka siku hiyo. Hasira ilikuja baadaye, na ndiyo hii ninayokuandikia.

Jioni gari la kampuni likaja, na yule kijana mwenye miwani. Akakuta mtu wake yuko nyuma ya magunia. Akaelezwa. Akatikisa kichwa, akaniambia, "Bibi, mila zenu zinatuchelewesha kazi."

Nikamwambia, "Leo zimekuchelewesha. Siku zote zilikuwa zinakuwahisha."

Akacheka tena. Akanipa fulana ya kampuni. Unaiona, ndiyo tunayofutia masufuria. Akasema kakao ya wanawake wa hapa ndiyo nzuri kuliko zote anazopakia, haina moshi, haina ukungu, wazungu wanaipenda. Anayasema hayo mbele yetu, sisi ambao kakao yetu ndiyo ilikuwa inakonda. Neno pole halikutoka. Kilo zote zilizopotelea kati ya mshale na sauti, za msimu kwa msimu, hakuna aliyezitaja. Zilikwenda wapi? Babu yako ana viatu, na gari lao lina matairi mapya. Waligawanaje, sijui, sikuwepo. Najua hazikuja kwangu, wala kwa Mama Bupe aliyemtoa mtoto wake shule.

Halafu, mwanangu, wakakutafuta wewe. Kijana akaja hapa nyumbani, akakaa kwenye kiti, akanywa chai yangu. Akasema kule Katumba Songwe nako wanawake wamesikia habari za huku, hawataki tena kupimiwa na mzee. "Tunataka binti msomi, wa hukuhuku, wanawake wamwamini." Ukatabasamu. Mimi nikasikia neno moja tu. Wamwamini.

Kwanza walitumia aibu yetu. Aibu ikavunjika. Wakazunguka, wakatutazama, wakasema hawa wana nini kingine cha kutumia? Wakaona tuna imani. Wamemhamisha mtu, mizani ni ileile, gari ni lilelile. Walikuwa na sauti ya mkwe, sasa wanataka sauti ya binti. Na wanawake wa kule watakuona, watasema huyu ni wetu, mtoto wa yule mama aliyekohoa. Watatua vikapu, watakaa kivulini wapige soga. Hawatajificha tena, lakini hawatatazama vilevile. Hapo ndipo siku moja mtu mwenye miwani atakuinamia sikioni, kwa upole, atasema punguza kidogo tu, kuna uzito wa kikapu, kuna unyevu, kila mahali tunafanya hivi. Na wewe utakuwa umechoka, na ni rafiki yako, na ni kazi.

Unaponiambia "Mama, ni kazi tu" ndiyo maana natoka nje. Babu yako naye alikuwa kazini. Alisema hivyohivyo.

Sikukuzuia. Ningekuzuia ungekwenda tu, bila barua. Na usipokwenda wewe watamweka mwenye viatu mwingine. Nenda. Lakini nisikilize hili, kisha nimemaliza, Atupele mkono unamuuma.

Usitake wakuamini. Mimi niliamini sauti, nikamtoza mtoto wa watu kuku kwa sababu alikuwa na macho. Nataka waone. Hiyo mizani usiitundike barazani kwa mtu yeyote, hata mchungaji. Itundike uwanjani, kwenye mti au kwenye nguzo, uso wake ukiangalia watu na mgongo ukiangalia wewe. Asiyejua namba aje na mtu wake anayejua. Mwenye mkwe pale, akohoe, na mkwe aondoke. Na mwanamke akikuambia, "Binti yangu, wewe andika tu, nakuamini," mkatalie. Mwambie inuka mama, njoo utazame. Akikasirika, mwache akasirike.

Siku ya kununua ya kwanza mimi nitakuja. Nitapanda lori la mchele pamoja na Atupele, na kile kikapu chenye mshono mwekundu. Ukiniona usiinuke, usiniite mama, usinipokee mzigo, usinipeleke mbele. Nitasimama nyuma ya wa mwisho. Nikifika, Atupele ndiye atakayesoma mshale, kwa sauti yake ya kanisani, wote wasikie. Wewe nyamaza. Akishasoma, andika alichosoma. Tukimaliza nitakusalimia vizuri, na tutakula, nimekuwekea kuku.

Na wakikukataza kuitundika uwanjani, usibishane nao, hutawaweza. Vua ile kofia yao, iweke juu ya mizani, urudi nyumbani. Kakao ya kugeuza ipo, na miti haijawahi kukuuliza kidato.

Yule mtetea mwekundu anayelala hapa jikoni na vifaranga vyake ni wa Atupele, si wangu tena. Nimemwambia leo. Anafuta macho, anasema ni moshi. Kuni hizi ni kavu.

Anauliza sasa chini aandike nani. Nimemwambia aandike majina mawili, langu na lake, na lake liwe juu.

Atupele
Mama yako